Anti, gari jipya halikai barabarani

Shikamoo Anti,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, naishi Sacramento, California, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Tangu nifike nchi hii nimeendesha magari ya mtumba tu. Mwaka jana nikasema na mimi nijipongeze: nikanunua gari jipya, dogo lakini la kifahari, la kampuni ambayo nyumbani ukishuka kwenye gari lake watu wanadhani umepata ubunge. Bei ilikuwa dola 41,500 kabla ya kodi. Nilitanguliza kiasi, zilizobaki ni mkopo wa miaka sita.

Raha ilidumu mpaka lilipofika maili 6,300 hivi. Gia zikaanza vituko. Nikiwa kwenye foleni, au nasubiri kukata kona ya kushoto, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halitoki. Halafu linaruka ghafla kama limepigwa teke. Kuna asubuhi nilikuwa naingia kazini, likazubaa katikati ya njia panda huku lori la taka linakuja. Dereva wa lori alifunga breki mpaka mapipa yakagongana huko nyuma. Nilifika kazini nikakaa kwenye maegesho, mikono inatetemeka, nikashindwa hata kufungua mkanda.

Si hilo tu. Skrini kubwa ya katikati inazima inapojisikia, na ikizima, kamera ya nyuma nayo haipo. Kila baada ya wiki chache inawaka taa kunitaka niongeze maji ya kupozea injini, lakini chini ya gari sioni hata tone. Na ndani ya dashibodi kuna kitu kinagongagonga.

Kwa ajili ya gia peke yake nimeshalipeleka kwa wakala mara nne. Kwanza walisema wameweka programu mpya. Mara ya pili wakasema wameliendesha na hawakuona tatizo. Mara ya tatu nikaambiwa gia za aina hii ndivyo zilivyo, nijifunze kukanyaga taratibu. Mara ya nne wakakaa nalo zaidi ya wiki mbili wakisubiri kifaa. Lilirudi zima, na baada ya siku chache likaanza upya. Katika mara hizo nne, mbili sikupewa karatasi yoyote. Yule kijana wa mapokezi alisema kwa kuwa hawakubadilisha kitu, hakuna cha kuandika.

Sasa kila mtu ananishauri lake. Shemeji anasema nisilipe mkopo mpaka watengeneze. Muuzaji aliyeniuzia amenipigia anataka nilirudishe nichukue jipya zaidi, na deni lililobaki walihamishie huko. Binamu yangu yuko Tanga, yeye anasema nilipakie melini atanitafutia mteja. Mwenzangu kazini anasema California kuna sheria ya kurudishiwa fedha, wenyewe wanaiita Lemon Law, lakini mwingine akadakia kwamba nimechelewa, maana gari lina miezi kumi na minne na maili 16,000.

Nimsikilize nani? Na kitu kingine kinanisumbua: nikirudishiwa fedha, si watalichukua gari lile lile wamuuzie mwingine?

Mchovu wa Gereji, Sacramento

*

Marahaba mwanangu. Pole, na hasa pole ya lile lori.

Msikilize huyo mwenzako wa kwanza. Sheria ipo, hujachelewa, na kwa jinsi unavyoeleza una madai mazuri kuliko unavyodhani. Kinachonitia wasiwasi ni zile mara mbili ulizoondoka pale bila karatasi. Hilo nitalirudia.

Tuanze na gari lenyewe, kwa sababu umechanganya mambo manne na hayana uzito sawa.

Magari mengi madogo ya kifahari ya siku hizi yana giaboksi yenye klachi mbili. Klachi moja inashughulika na gia ya kwanza, ya tatu, ya tano. Nyingine na ya pili, ya nne, ya sita. Wakati unatembea na gia moja, inayofuata imeshaandaliwa, kwa hiyo kwenye barabara kubwa zinabadilika bila hata kusikia. Shida yake ni mwendo wa foleni. Otomatiki ya kawaida inapitisha nguvu ya injini kwenye oili kabla haijafika kwenye gia, ndiyo maana inatambaa polepole bila kushtuka. Ya klachi mbili inabidi kompyuta iamue klachi ishike au iachie, na wewe umekanyaga, umeachia, umekanyaga tena. Kwa hiyo yule aliyekuambia ndivyo zilivyo hakusema uongo mtupu. Mtikisiko mdogo unapoegesha, au unapopanda kilima kwa mwendo wa konokono, ni tabia yake. Lakini kukanyaga mafuta katikati ya njia panda gari lisiende, kisha liruke, hiyo si tabia ya gia yoyote. Huo ni ubovu, tena wa kuua. Usikubali tena sentensi hiyo moja ifunike mambo mawili tofauti.

Skrini nayo usiichukulie kama redio iliyoharibika. Tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima liwe na kamera ya nyuma, na picha inatakiwa itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuweka gia ya kurudi nyuma. Kampuni kadhaa zimelazimika kuyaita magari yao yarudi kwa sababu ya skrini kuzima. Kwa hiyo ukienda usiseme "skrini inasumbua". Sema "kamera ya nyuma haionyeshi kitu ninaporudi nyuma".

Maji ya kupozea: injini ndogo zenye tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, zina joto kali, na makasha ya themostati (kidhibiti joto) na pampu ya maji mara nyingi ni ya plastiki. Yakipata ufa mwembamba, maji yanatoka kidogo kidogo na kukaukia juu ya injini yenye joto, hayafiki chini. Ndiyo maana huoni tone. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, tazama kama kuna ukoko mkavu wenye rangi kwenye maungio ya mabomba, piga picha. Usijaze maji ya bomba, weka yale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na utunze risiti. Siku injini ikichemka, wa kwanza kulaumiwa utakuwa wewe.

Kitu kinachogonga kwenye dashibodi kinakera, najua. Kiripoti kiandikwe, lakini usikipe nafasi ya kwanza kwenye barua yako.

Sasa sheria. California imekuwa nayo tangu 1970, inaitwa Song-Beverly. Kwa ufupi inasema hivi: kama gari limeuzwa na waranti ya mtengenezaji, likawa na ubovu unaopunguza kwa kiasi kikubwa matumizi yake, thamani yake au usalama wake, na mtengenezaji akashindwa kulitengeneza baada ya kupewa nafasi za kutosha, basi alinunue tena au akupe jingine. Kati ya hayo mawili huwezi kulazimishwa kuchukua jingine; ukitaka fedha, ni fedha. Na angalia, anayedaiwa ni mtengenezaji, si wakala. Kelele zote unazopiga pale mapokezi haziwafikii wenye jukumu mpaka ziwe kwenye maandishi.

Nafasi za kutosha ni ngapi? Hapo ndipo huyo wa pili alipokuchanganya. Kuna kipengele kinachosema kwamba ndani ya miezi 18 au maili 18,000, chochote kitakachotangulia, mahakama itachukulia kwamba nafasi zimetosha kama ubovu ule ule umepelekwa mara 4 au zaidi. Au mara 2 kama ni ubovu unaoweza kuua au kujeruhi vibaya. Au kama gari limekaa gereji kwa jumla ya siku zaidi ya 30, hata zisizofuatana. Kwa njia mbili za kwanza unatakiwa pia uwe umemjulisha mtengenezaji mwenyewe moja kwa moja, kama kitabu cha waranti kinakuagiza hivyo. Wewe uko maili 16,000 na miezi kumi na minne. Bado uko ndani. Na hata ukivuka, haki yako haifi. Kipengele hicho kinakurahisishia kuthibitisha tu; baada ya hapo bado unaweza kudai, ila mzigo wa kuonyesha kwamba wamepewa nafasi za kutosha unakuwa wako. Watu wengi wameacha haki yao kwa kudhani 18,000 ni mwisho wa dunia.

Turudi kwenye karatasi. Kila gari linapoachwa kwa wakala inafunguliwa hati ya matengenezo: tarehe ya kuingia, maili, malalamiko ya mteja, fundi alikuta nini, akafanya nini, tarehe ya kutoka. Hiyo ndiyo kesi yako. Sheria ya jimbo inamtaka anayetengeneza gari akupe ankara hata kama kazi ni ya waranti na hulipi senti. Kwa hiyo "hakuna cha kuandika" haipo. Hata pale walipoliendesha na hawakuona kitu, lazima ionekane kwamba ulilileta na ulilalamikia nini. Rudi pale ukaombe historia yote ya huduma ya gari lako, kwa barua pepe ili na ombi lenyewe liwe na tarehe. Wakijivuta, kusanya vya pembeni: ujumbe wa simu wa kukukumbusha miadi, mkataba wa gari la kuazima walilokupa, risiti ya teksi, ujumbe wako kwa msimamizi kazini kwamba utachelewa kwa sababu ya gari.

Safari ijayo, kabla hujaweka sahihi, soma walichoandika kwenye malalamiko. Hao vijana wana kipaji cha kufupisha. Wewe unasema gari liligoma mbele ya lori, yeye anaandika "mteja anauliza kuhusu gia". Mrudishie. Mwambie aandike: gari halitoki kwa sekunde kadhaa baada ya kukanyaga mafuta, kisha linaruka, hutokea kwenye njia panda na foleni, injini ikiwa imeshapata joto. Omba fundi mkuu apande nawe, uendeshe wewe mwenyewe njia ile ile, saa ile ile ya foleni. Ukiacha funguo wakalizungusha mtaa mtupu saa nne asubuhi, bila shaka hawataona tatizo. Video zinasaidia sana, ila ashike simu aliyekaa pembeni, si wewe dereva.

Kisha andika barua kwa mtengenezaji, anwani iko kwenye kitabu cha waranti, uitume kwa njia inayorudisha uthibitisho wa kupokelewa. Hapa kuna jambo jipya ambalo hata baadhi ya wanaojiita wajuzi hawajalishika. Mwaka 2024 California ilipitisha sheria iliyobadilisha utaratibu, na mwaka 2025 ikaongeza nyingine inayoziachia kampuni zichague kujiunga na utaratibu huo au kubaki na wa zamani. Idara ya masuala ya walaji ya jimbo inatoa orodha ya zilizojiunga; angalia kama yako imo. Kama imo, una mwaka 1 tu baada ya waranti husika kwisha kufungua kesi, na kwa vyovyote si zaidi ya miaka 6 tangu ulipokabidhiwa gari. Na kama unataka kudai faini juu ya fedha zako, yaani ile ambayo mahakama inaweza kuipandisha hadi mara mbili ya hasara yako pale kampuni inapokaidi makusudi, lazima kwanza utume taarifa ya maandishi angalau siku 30 kabla: jina lako, namba ya chasisi, muhtasari wa matengenezo, na kwamba unataka walinunue gari. Wakikubali ndani ya siku hizo 30 na wakamaliza kukulipa ndani ya siku 60, faini hakuna. Gari linatakiwa liwe mkononi mwako unapotuma taarifa hiyo, na ubaki nalo siku hizo 30.

Umeona sasa kwa nini muuzaji wako ana haraka ya kulipokea? Sisemi ana nia mbaya, kila mtu ana kamisheni yake. Lakini ukilirudisha leo, gari limetoka mikononi, na deni la gari bovu linaingia ndani ya mkopo wa gari jingine. Tena kwenye utaratibu mpya, deni la zamani lililobebwa hivyo linaweza kukatwa kwenye fedha za kurudishiwa siku hilo jingine nalo likiwa bovu. Mwambie asante, umepata dharura.

Shemeji naye mwambie hapana, kwa heshima zote. Benki haikutengeneza giaboksi. Ukiacha kulipa watakuja kulivuta gari usiku, jina lako litaharibika kwenye kumbukumbu za mikopo, na kesi inayotaka uwe na gari utakuwa huna gari. Lipa kila mwezi, tunza kila risiti. Marejesho uliyolipa ni sehemu ya fedha utakazorudishiwa.

Na binamu wa Tanga, jamani. Usukani uko kushoto. Atalipita lori vipi kwenye barabara ya Segera akiwa amekaa upande wa mtaro? Na hiyo giaboksi ikigoma Korogwe, waranti ya Marekani haitavuka bahari kuifuata. Mpe salamu zangu.

Fedha zenyewe: wakilinunua, wanakurudishia ulichotanguliza, marejesho uliyolipa, kodi na ada za usajili, wanamalizana na benki, pamoja na gharama za pembeni kama kuvutwa na gari la kukodi. Wanachokata ni matumizi yako kabla ya tatizo. Hesabu yake ni hii: maili za siku ulipolipeleka kwa tatizo hilo mara ya kwanza, gawanya kwa 120,000, zidisha kwa bei ya gari. Kwako ni 6,300 kwa 120,000 mara dola 41,500, inakuja kama dola 2,179. Maili ulizotembea baada ya hapo hazihesabiwi. Ndiyo maana ile hati ya kwanza kabisa ina thamani kubwa. Kama ni mojawapo ya zile usizopewa, anza kuitafuta hiyo kabla ya zote.

Wakili unamhitaji? Barua unaweza kuiandika mwenyewe. Ila wakikataa au wakanyamaza, mtafute, na usiogope gharama: ukishinda, sheria inamtaka mtengenezaji amlipe wakili wako. Kabla ya kusaini naye muulize kitu kimoja, kama atachukua chochote kwenye fungu lako mkimaliza kwa maelewano. Akianza kuzunguka, tafuta mwingine. Na ukiletewa pendekezo la kupewa dola elfu chache ubaki na gari, jiulize ni ubovu gani huo. Kwa skrini na kile kinachogonga ningekaa chini kufikiri. Kwa gia iliyokuweka mbele ya lori, mimi nisingechukua.

Wakati huo huo ingiza namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, uone kama gari lako limo kwenye magari yaliyoitwa kurudi. Kama limo, kazi hiyo ni bure. Kisha acha malalamiko yako hapo. Hayatakuletea fedha, ila malalamiko yakirundikana kwa gari la aina moja ndipo uchunguzi huanza.

Kwa wasomaji walio kwingine, msibebe namba za California kichwani. Kila jimbo lina yake. La kwanza kutunga sheria iliyohusu magari peke yake lilikuwa Connecticut, mwaka 1982. Walioko Houston na Dallas, Texas inapitisha malalamiko kwenye idara ya magari ya jimbo, na saa yake inakwenda mbio, kwa hiyo soma muda wa mwisho leo. Ipo pia sheria ya waranti ya nchi nzima ya mwaka 1975, Magnuson-Moss. Na walionunua mtumba hapa California wakiwa na waranti ya kiwandani iliyobakia, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua Oktoba 2024 kwamba gari la namna hiyo halihesabiwi kuwa jipya kwa ajili ya kurudishiwa fedha, isipokuwa kama liliuzwa na waranti mpya ya mtengenezaji. Kwenu njia ni nyembamba zaidi. Muulizeni wakili kabla ya kukata tamaa.

Swali lako la mwisho limenifurahisha, wachache hufikiria atakayefuata. Ndiyo, linaweza kuuzwa tena. Lakini hapa California lazima ubovu utengenezwe kwanza, mnunuzi aelezwe kwa maandishi ulikuwa upi, apewe waranti ya mwaka 1 juu ya ubovu huo, na kadi ya umiliki ipigwe mhuri wa "Lemon Law Buyback", yaani gari lililonunuliwa tena kwa sheria hiyo. Kibandiko chenye maneno hayo kinawekwa kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Kwa hiyo mwenye kuliona gari kama lako mnadani kwa bei ya kushangaza, afungue mlango wa dereva kwanza.